Nani aamue pa kujenga? Madiwani, serikali na mvutano wa nyumba England

Sheria ya Mipango na Miundombinu iliyopata idhini ya Mfalme Desemba 2025 imeuamsha upya mgogoro mkongwe katika siasa za England: ni nani hasa mwenye kauli ya mwisho kuhusu nyumba zitakazojengwa, zijengwe wapi, na zikaliwe na nani.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, waziri anayehusika na makaazi amepewa mamlaka ya kuweka kanuni zitakazoainisha ni maombi gani ya ujenzi yafikishwe mbele ya kamati ya madiwani, na yapi yaamuliwe ofisini na maofisa wa mipango miji bila ya kura kupigwa. Serikali ya chama cha Labour inasema kamati hizo zinachelewesha ujenzi. Madiwani wengi, wakiwamo wa chama hicho hicho, wanajibu kwamba kumwondoa diwani ni kumwondoa mwananchi aliyemchagua.

Kila upande una hoja yake, na kila upande una jambo usilopenda litajwe.

Mjadala huu si wa Waingereza peke yao. Watu wenye asili ya Afrika Mashariki ni miongoni mwa wapangaji wa nyumba za halmashauri katika mitaa ya London na miji mingine ya England. Wamo kwenye orodha za wanaosubiri nyumba, na wamo pia katika hoteli na vyumba vya muda ambavyo halmashauri huwapangia watu wasio na makaazi. Na taratibu zinazobishaniwa leo mjini London ndizo zilizozaa sheria za mipango miji zilizotumika Dar es Salaam na Nairobi kwa miongo mingi.

Dakika tatu mbele ya kamati

Tangu sheria ya mipango ya miji na vijiji ya mwaka 1947, mwenye kiwanja hana haki ya kujenga apendavyo. Ardhi ni yake, lakini haki ya kuiendeleza imeshikwa na umma, naye sharti aombe kibali kwa halmashauri. Zaidi ya asilimia 90 ya maombi huamuliwa na maofisa. Ni baba fulani anataka kuongeza chumba nyuma ya nyumba, au mwenye duka anataka kubadilisha mlango. Yanayofika kwa madiwani ni machache, ila ndiyo makubwa, na ndiyo yanayogombaniwa.

Kikao huwa cha jioni, na mlango u wazi kwa umma. Afisa husoma taarifa yake na kupendekeza. Anayepinga hupewa dakika mbili au tatu, na mwombaji, ambaye aghalabu ni kampuni yenye wasanifu na mawakili wake, hupewa muda kama huo. Kisha madiwani huuliza, hujadili na kunyoosha mikono.

Yanayoruhusiwa kusemwa ni machache kuliko mkaazi anavyotarajia. Jirani aweza kulalamika kwamba jengo litamziba mwanga, litaongeza msongamano wa magari au halilingani na mtaa. Hawezi kulalamika kwamba litamharibia mandhari ya dirishani kwake au litashusha thamani ya nyumba yake, kwani sheria haiyatambui hayo. Wala haimruhusu kusema kwamba hawapendi wale watakaohamia, ingawa si mara moja hilo ndilo lililomtoa nyumbani jioni hiyo. Hivyo watu huzungumzia maegesho ya magari.

Diwani naye amefungwa. Akiingia kikaoni hali amekwisha kufunga moyo wake, uamuzi mzima waweza kubatilishwa mahakamani. Na kamati ikikataa ombi dhidi ya ushauri wa maofisa wake, kampuni hukata rufaa kwa wakaguzi wa serikali kuu. Halmashauri ikionekana haikuwa na sababu ya maana, hulipishwa gharama. Lakini kamati ikikubali, mkaazi aliyepinga hana rufaa. Kilichobaki kwake ni kwenda Mahakama Kuu kudai kwamba sheria haikufuatwa, njia ambayo ni ya gharama kubwa na ya muda mfupi.

Mizani hiyo haijawahi kuwa sawa, kabla hata ya sheria mpya kutungwa.

Orodha inayorefuka

Serikali inajitetea kwa idadi. Iliingia madarakani Julai 2024 kwa ahadi ya nyumba milioni 1.5 katika muhula mmoja wa bunge. Desemba mwaka huo ilirejesha viwango vya lazima kwa kila halmashauri, viwango ambavyo serikali ya Conservative ilikuwa imevigeuza kuwa vya ushauri tu mwaka 2023. Jumla yake ni nyumba 370,000 kwa mwaka kwa England yote, na karibu 88,000 kati ya hizo zinatakiwa London.

Uhitaji hauna ubishi. Katikati ya mwaka 2025 zaidi ya kaya 130,000 zilikuwa katika makaazi ya muda England, idadi ambayo haijapata kuonekana tangu kumbukumbu zianze kuwekwa. Kaya zipatazo milioni 1.3 zimejiandikisha kusubiri nyumba za halmashauri na za mashirika ya makaazi. Kwa London pekee, muungano wa halmashauri za jiji ulikadiria mwaka 2024 kwamba mtu mmoja kati ya kila 50 anaishi katika makaazi ya muda, na kwamba halmashauri zinatumia paundi milioni 4 kila siku kwa ajili hiyo. Fedha hizo huwaendea wenye hoteli na wenye nyumba za kupangisha. Hazijengi hata ukuta mmoja.

Hata hivyo, kuzilaumu kamati za madiwani kwa hali hiyo ni kusimulia nusu ya kisa. Katika miongo iliyofuata Vita Vikuu vya Pili, halmashauri zenyewe ndizo zilizokuwa zikijenga, na katika miaka mingi zilimaliza nyumba zaidi ya 100,000 kwa mwaka, chini ya sheria ile ile ya 1947 na mbele ya kamati zile zile. Kilichobadilika ni sheria ya makaazi ya mwaka 1980, ya serikali ya Margaret Thatcher, iliyompa mpangaji haki ya kuinunua nyumba ya halmashauri kwa punguzo kubwa. Karibu nyumba milioni 2 zimeuzwa England tangu wakati huo, na kwa miaka mingi halmashauri zilizuiwa kuzitumia fedha za mauzo kujenga nyingine.

Walionunua hawastahili lawama. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kipato cha chini, wakiwamo wahamiaji, waliopata kwa mara ya kwanza kitu cha kuwarithisha watoto. Lakini sehemu kubwa ya nyumba hizo imeishia mikononi mwa wapangishaji binafsi, na leo halmashauri inajikuta ikiikodi kwa bei ya soko nyumba iliyoijenga yenyewe. Novemba 2024 serikali ilipunguza punguzo hilo hadi kati ya paundi 16,000 na 38,000 kutegemea eneo. Uamuzi huo umekuja baada ya miaka 44.

Neno "nafuu" na hesabu za faida

Kwa kuwa hazina fedha za kujenga, halmashauri hutegemea mapatano. Kampuni hupewa kibali, nayo huahidi kwamba sehemu ya nyumba zake zitakuwa za bei nafuu. Hapo msomaji anapaswa kuwa mwangalifu na maneno. Tangu mwaka 2011, nyumba inayopangishwa kwa hadi asilimia 80 ya kodi ya soko nayo huhesabiwa kuwa ya "bei nafuu". Katika jiji kama London, asilimia 80 ya kodi ya soko ni nje kabisa ya uwezo wa dereva wa basi au mhudumu wa hospitali. Kodi ya jamii, ile ya chini anayolipa mpangaji wa zamani wa halmashauri, ni kitu kingine. Katika mabango ya miradi mambo haya mawili huandikwa kana kwamba ni mamoja.

Isitoshe, ahadi yenyewe huweza kupunguzwa. Kampuni ikionyesha kwa hesabu kwamba mradi hautalipa, halmashauri hulazimika kuifikiria upya idadi iliyokubaliwa. Mwongozo wa serikali unatambua faida ya asilimia 15 hadi 20 ya thamani ya mradi kuwa ya kawaida kwa mjenzi. Maana yake ni kwamba gharama zikipanda, faida inalindwa kwanza na nyumba za maskini ndizo zinazokatwa. Mwaka 2025 serikali na Meya wa London, Sadiq Khan, walitangaza mpango wa muda wa kushusha kutoka asilimia 35 hadi 20 kiwango cha nyumba za bei nafuu kinachoiwezesha kampuni kupita njia ya haraka. Hoja yao ni kwamba asilimia 20 ya mradi unaojengwa ni bora kuliko asilimia 35 ya mradi uliobaki kwenye karatasi. Ni hoja nzito, lakini ni hoja ambayo kila mara humtaka mwenye shida ndiye alegeze kamba.

Mfano unaotajwa zaidi ni mtaa wa Heygate, katika halmashauri ya Southwark, kusini mwa London. Ulimalizika kujengwa mwaka 1974 na ulikuwa na nyumba zipatazo 1,200. Wakaazi waliondolewa, wa mwisho wao wakitolewa kwa amri ya mahakama mwaka 2013, na mahali pake kampuni ya Lendlease ikapewa kibali cha kujenga nyumba karibu 2,500. Katika mpango uliopitishwa mwaka huo, za kodi ya jamii zilikuwa kama 80 tu. Halmashauri iliiuza ardhi hiyo kwa paundi milioni 50. Hesabu zilizotumiwa kuhalalisha idadi hiyo ndogo zilikuwa za siri hadi mwaka 2014, pale baraza la rufaa za haki ya kupata habari lilipoamuru sehemu yake itolewe. Yaani madiwani waliidhinisha mradi ambao mwananchi hakuruhusiwa kuzisoma hesabu zake.

Jirani na hapo upo mtaa wa Aylesbury, uliokuwa na nyumba zipatazo 2,700, na ambako Tony Blair alitoa hotuba yake ya kwanza akiwa Waziri Mkuu mwaka 1997. Mwaka 2001 wakaazi waliulizwa kwa kura kama wanataka mtaa wao ukabidhiwe shirika la makaazi ili ujengwe upya. Zaidi ya asilimia 70 walikataa. Mwaka 2005 halmashauri iliamua kuubomoa hata hivyo, ikisema ukarabati ungegharimu mno. Mwaka 2016 waziri wa wakati huo, Sajid Javid, alikataa kuidhinisha baadhi ya nyumba zichukuliwe kwa nguvu, akitaja haki za binadamu na athari kwa wakaazi wa jamii za wachache. Uamuzi wake ukaja kutenguliwa na unyakuzi ukaruhusiwa. Januari 2024 Mahakama Kuu nayo ikafuta kibali cha mabadiliko katika awamu moja ya mradi. Zaidi ya miaka 20 imepita, na sehemu ya mtaa imebomolewa, sehemu imejengwa upya, na sehemu bado ina watu wasiojua watahama lini.

Anayedai kwamba kamati za madiwani ndizo zinazochelewesha nyumba ana kazi ya kueleza Aylesbury. Hapo halmashauri ilikuwa inautaka mradi tangu mwanzo.

Haringey: pale diwani alipopoteza kiti

Wapo wasemao kwamba siasa za mtaani haziwezi kusimamisha mitambo mikubwa namna hiyo. Haringey, kaskazini mwa London, ilionyesha vingine. Mwaka 2017 uongozi wa halmashauri hiyo, chini ya Claire Kober wa chama cha Labour, uliamua kuunda kampuni ya ubia na Lendlease, nusu kwa nusu, mradi uliokadiriwa kuwa wa paundi bilioni 2. Ardhi ya umma, pamoja na mitaa ya nyumba za halmashauri kama Northumberland Park, ingeingizwa ndani ya ubia huo.

Wakaazi hawakungoja kamati. Walikwenda ndani ya matawi ya chama, ambako majina ya wagombea huteuliwa, na mwishoni mwa 2017 madiwani kadhaa waliouunga mkono mradi wakakosa kuteuliwa tena. Januari 2018 halmashauri kuu ya taifa ya Labour iliwataka viongozi wa Haringey kusitisha mpango huo. Siku chache baadaye Bi. Kober alitangaza kwamba hatagombea tena, na Julai 2018 uongozi mpya ukaufuta ubia huo.

Mwezi huo huo Meya wa London aliweka sharti kwamba mradi wowote unaobomoa nyumba za jamii na kujenga nyumba 150 au zaidi hautapata fedha za jiji bila ya kura ya wakaazi. Wapangaji na wenye nyumba katika mtaa husika, kuanzia umri wa miaka 16, wana haki ya kupiga kura hiyo. Nyingi ya kura zilizopigwa tangu hapo zimeishia kwa "ndiyo". Ukweli huo unawasumbua wapinzani wa ubomoaji, lakini unawasumbua pia wale waliokuwa wakidai kwamba mkaazi akiulizwa atakataa tu. Mtu anayeishi katika ukuta wenye kuvu, akiahidiwa kwa maandishi nyumba mpya hapo hapo kwa kodi ya jamii, hana sababu ya kukataa. Anachokataa ni ahadi isiyo na maandishi.

Nani ni "mwenyeji"?

Sauti ya wenyeji ina upande wake mwingine, na watu wa Afrika Mashariki wameuonja. Agosti 1972, Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, ikiwashauri wasije Leicester. Sababu zilizotajwa zilikuwa za makaazi: orodha ya wanaosubiri nyumba imejaa, shule zimejaa, huduma zimeelemewa. Tangazo hilo halikutoka serikali kuu. Lilitoka kwa madiwani, watu walio karibu zaidi na wananchi wao. Kati ya watu wapatao 28,000 waliopokewa Uingereza, maelfu walikwenda Leicester hata hivyo, na wengi wao walinunua nyumba kuukuu katika mitaa kama Belgrave na kuzifufua. Leo jiji hilo linajivunia historia ile ile iliyotaka kuizuia.

Lugha ya matangazo ilibadilika baadaye, lakini hoja haikutoweka. Sheria ya mwaka 2011 ya madaraka ya serikali za mitaa iliziruhusu halmashauri kujiwekea masharti ya nani aandikwe kwenye orodha ya nyumba, na nyingi zikadai miaka kadhaa ya ukaazi. Hillingdon, inayopakana na uwanja wa ndege wa Heathrow, ilidai miaka 10. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba sharti hilo, kwa namna lilivyotekelezwa, liliwabagua kwa njia isiyo ya moja kwa moja watu wasio raia, wakiwamo wakimbizi. Mkimbizi hawezi kuwa na miaka 10 ya ukaazi mahali alipofika juzi. Jambo hilo lilihitaji majaji watatu kulitambua.

Kwa hiyo, anayetetea kamati za madiwani kwa jina la demokrasia ya mtaa sharti akumbuke kwamba kikaoni huja wenye nyumba tayari. Familia iliyopangiwa chumba cha hoteli katika mji mwingine, kilomita nyingi kutoka shule ya watoto, haipati barua ya kualikwa kutoa maoni kuhusu jengo ambalo lingekuwa makaazi yake.

Magomeni na neno la rais

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1947 ilisafiri. Tanganyika ilitungiwa sheria ya mipango ya miji na vijiji mwaka 1956, iliyofuata mfano huo, na ikadumu hadi ilipofutwa na Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Nairobi ilichorewa mpango mkuu wa mwaka 1948 ukiwa na jina la mji mkuu wa kikoloni. Vilivyosafiri ni ramani, kibali na mamlaka ya kubomoa. Kikao cha jioni chenye mlango wazi kilibaki nyuma, kwani mkoloni hakuwa na diwani wa kumwogopa.

Hata hivyo si kila ulinganisho unaipendelea London. Mtaa wa Magomeni Kota, Dar es Salaam, ulikuwa wa nyumba za umma chini ya manispaa ya Kinondoni. Kaya 644 ziliondolewa mwanzoni mwa muongo wa 2010 kwa ahadi ya kujengewa upya, na kwa miaka kadhaa kiwanja kikabaki kitupu. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliamuru nyumba zijengwe, na Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua majengo yenye nyumba 656, wakaazi wa zamani wakiwa wa kwanza kupangiwa na baadaye kupewa njia ya kuzinunua. Ukiweka 644 na 656 kando ya 1,200 za Heygate zilizozaa 80, mkaazi wa Magomeni ndiye aliyetoka na kitu.

Lakini alitoka nacho kwa neno la rais. Baraza la madiwani halikumrudishia, wala hakukuwa na kura ya wakaazi au hati ambayo angeweza kuipeleka mahakamani katika miaka ile ya kiwanja kitupu. Mkaazi wa mtaa mwingine wa umma anayetaka kurejeshewa kama walivyorejeshewa wa Magomeni hana kifungu cha kukitaja. Ana mfano tu, naye anangoja msafara wa kiongozi upite karibu na kwake. Mpangaji wa Eastlands, Nairobi, ambako mitaa ya enzi ya ukoloni inabomolewa kupisha maghorofa, anaijua hali hiyo, ingawa katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtambua kuwa mshiriki katika maamuzi.

Mwaka 2026 ni mwaka wa uchaguzi katika halmashauri zote 32 za London. Watakaochaguliwa watakuwa wa kwanza kufanya kazi chini ya sheria mpya, na uzito wa viti vyao utategemea kanuni za waziri: zikiwaachia miradi mikubwa, kamati zitabaki na kazi yake, zikiwabakishia michache mno, wakaazi watakaofuata mfano wa Haringey watawapigia kura watu wasio na la kuamua. Huko Aylesbury, wakati huo, halmashauri ya Southwark bado ina majengo ya kuamulia.